Mzigo Ulionadiwa Kabla ya Meli Kutia Nanga

Neno lenyewe nilikutana nalo kwa mara ya kwanza Kariakoo, ghorofa ya pili, katika chumba chenye meza, feni na kijana aliyevaa koti jeupe. Nilipewa kifimbo cha chuma, nikaambiwa nikishike dakika moja bila kuongea. Kifimbo kilikuwa na waya ulioingia kwenye kisanduku, na kisanduku kilikuwa na waya ulioingia kwenye kompyuta mpakato. Dakika ilipokwisha nikasomewa ini langu, figo zangu, madini ya mifupa yangu na, kwa hisani, hali ya macho yangu. Kila kiungo kilikuwa na upungufu wake, na kila upungufu ulikuwa na kopo lake la vidonge kabatini, nyuma ya mgongo wa kijana. Juu ya kisanduku paliandikwa Quantum.

"Hii ni teknolojia ya kwantamu, mzee wangu," akaniambia. "Haikosei."

Kisanduku kile na kompyuta za kwantamu zinazojengwa Marekani, China na Ulaya havina udugu wowote ila wa kuazimana jina. Nimeanza nacho kwa sababu hapa mjini neno limefika kabla ya kitu, na neno likitangulia kitu halikosi wa kulitumia. Mtandaoni yamejaa matangazo ya biashara inayojiita Quantum AI, yenye nyuso za matajiri zilizoundwa kwa kompyuta, yakiahidi faida ya kila siku kwa mtaji wa nauli ya bajaji. Mtu aliyepita kwenye kifimbo na kwenye matangazo hayo, akisikia kwamba Umoja wa Mataifa uliutangaza mwaka 2025 kuwa Mwaka wa Kimataifa wa Sayansi na Teknolojia ya Kwantamu, ana haki ya kuguna.

Mguno huo una msingi kiasi gani? Ninavyoona, wanaoguna wametia mashaka matatu kwenye gunia moja. Moja linasema mashine haiwezi kujengwa. La pili linasema ikijengwa haitakuwa na kazi. La tatu linasema kazi ikipatikana, sisi haitatuhusu. Uzito wa mashaka haya haulingani, na anayeyachanganya huishia ama kubeza kila kitu ama kununua vidonge.

Tuiangalie kwanza mashine yenyewe. Mwaka 1981 mwanafizikia Richard Feynman alitoa hoja nyepesi kuisema, ngumu kuitekeleza: chembe ndogo za maumbile zina kanuni zake, na kompyuta ya kawaida huhenyeka kuziiga, basi anayetaka kuziiga ajenge mashine inayofuata kanuni hizohizo. Biti ya simu yako ni sifuri au moja. Kyubiti, ambayo ndiyo biti ya mashine hii, inaweza kuwa katika hali inayochanganya vyote viwili, na kyubiti nyingi zikifungamana, kuieleza hali yao ya pamoja kunahitaji namba nyingi za kutisha: kwa kyubiti 50 tu, ni zaidi ya trilioni elfu moja.

Hapo ndipo wauzaji wanapodakia kwamba mashine "inajaribu majibu yote kwa mpigo". Huo ni uongo, nao ndio mama wa ahadi nyingi hewa. Ukizipima kyubiti zako zinakupa jibu moja, tena la bahati nasibu. Ufundi wote uko kwenye kuyapanga mawimbi kabla ya kupima. Simama Magogoni pantoni inapoondoka kwenda Kigamboni huku boti ya Zanzibar inaingia: mawimbi yao yakikutana, pengine yanainuana, pengine yanafutana hadi maji yanatulia kama ya beseni. Kompyuta ya kwantamu inayafanyia majibu vivyo hivyo. Majibu mabaya yafutane, zuri liinuke. Kwa maswali mengi hakuna anayejua namna ya kuyapanga mawimbi hayo. Kwa machache inajulikana. Mwaka 1994 Peter Shor alionyesha namna ya kupata vigawo vya namba kubwa, kazi ambayo kompyuta za leo zingeifanya hadi dunia ichoke. Mwaka 1996 Lov Grover alionyesha namna ya kutafuta kitu kimoja kati ya maboksi milioni kwa hatua kama elfu moja hivi, yaani kwa kipeuo cha pili. Zipo mbinu nyingine, lakini hizi ndizo zinazotajwa kila mara, nazo hazilingani kabisa: ya Shor inaruka mto, ya Grover inapiga makasia kwa bidii. Tofauti hiyo ndiyo itakayotuamulia mambo huko mbele.

Shaka la kwanza lina wenyewe, tena watu wazito. Mwanahisabati Gil Kalai wa Jerusalem amekuwa akisema kwa miaka mingi kwamba kelele haitaondoka, kwa maana ya vurugu ndogondogo za joto, mitetemo na nyaya. Kwamba kadiri kyubiti zinavyoongezeka ndivyo vurugu zinavyoshirikiana kuharibu hesabu. Mwanafizikia Mikhail Dyakonov aliandika mwaka 2018 kwamba mashine ya kyubiti elfu moja ingekuwa na vigezo vingi kuliko chembe zote za ulimwengu unaoonekana. Nani atavishika vyote mkononi? Na kelele si jambo la kufikirika. Mashine za Google na IBM hupozwa hadi karibu na baridi ya mwisho ya maumbile, nyuzi 273 chini ya sifuri, na hata hapo kyubiti inasahau ilichoambiwa katika muda mfupi kuliko kufumba jicho.

Jibu la wajenzi linaeleweka kwa yeyote aliyewahi kushusha mzigo. Ukiwa na karani mmoja wa kuhesabu magunia na unajua hukosea, unaweka makarani watano na kuchukua hesabu ya wengi. Ila ujanja huu una sharti. Kama kila karani ni mlevi, kuwaongeza kunaongeza ulevi. Wakiwa na kiasi cha kutosha cha akili timamu, kila unayemwongeza anapunguza kosa. Wananadharia wa miaka ya 1990 walithibitisha kwamba mpaka wa namna hiyo upo hata kwenye kwantamu, ambako kuna adha ya ziada: gunia haliruhusiwi kufunguliwa, maana kulichungulia ni kuliharibu. Kwa miaka karibu 30 hakuna aliyeuvuka mpaka huo vizuri. Desemba 2024 Google ilionyesha kwa chipu yake ya Willow, yenye kyubiti 105, kwamba kila walipolikuza kundi la kyubiti zinazolindana, kosa lilipungua kwa zaidi ya nusu. Makarani walikuwa hatimaye wamelevuka.

Kwa hiyo sisimami na wanaosema haiwezekani. Nilisimama nao zamani, nimehama. Lakini kuvuka mpaka si kufika mjini. Kundi kubwa kuliko yote kwenye Willow bado lilikosea mara moja katika kila mizunguko kama 700, wakati hesabu ya Shor kwa namba za kweli inataka makosa ya nadra mno, moja katika mabilioni na kuendelea. Kuhusu idadi, mwaka 2019 Craig Gidney na Martin Ekerå walikadiria kyubiti milioni 20 kuvunja kwa saa nane kufuli la kawaida la siri za mtandaoni, RSA la biti 2048, linalotegemea ugumu wa kupata vigawo. Mei 2025 Gidney huyohuyo akashusha makadirio hadi chini ya milioni moja, kwa kazi isiyofika wiki. Mwenye shaka aliangalie hilo vizuri: mahitaji yameshuka mara 20 kwa miaka sita, na yameshushwa kwa kalamu, kabla ya chuma. Mwenye imani naye aangalie upande wa pili. Chipu ya Condor ya IBM, ya Desemba 2023, ina kyubiti 1,121, zote zenye kelele. Rekodi ya vigawo kwa mbinu ya Shor ilianza na 15 mwaka 2001 (ni 3 mara 5, kama ulikuwa na wasiwasi), ikafika 21 mwaka 2012, na tangu hapo hakuna iliyoipita bila ubishi. Mwaka 2025 wataalamu wawili, Peter Gutmann na Stephan Neuhaus, waliandika chapisho la kejeli wakirudia rekodi zote za kwantamu kwa kompyuta ya nyumbani ya mwaka 1981, fremu ya shanga za kuhesabia, na mbwa. Mbwa alibweka mara tatu. Nimelicheka sana chapisho hilo, na bado naona linapiga shabaha ya jana: karani aliyelewa hukejeliwa kwa haki, aliyelevuka hudaiwa kazi.

Kazi hiyo ni ipi, basi? Hapa ndipo shaka linaponona, na hapa ndipo Kariakoo inapokuwa maabara nzuri kuliko nyingi.

Mwaka 2019 Google ilitangaza kwamba mashine yake ya Sycamore, kyubiti 53, ilifanya kwa sekunde 200 hesabu ambayo kompyuta kubwa kuliko zote ingeifanya kwa miaka 10,000. IBM wakajibu papo hapo kwamba siku mbili na nusu zingetosha, na baadaye watafiti wa China wakaifanya kwa saa kadhaa. Ubishi huo ulijaza magazeti, ila wachache waliuliza hesabu yenyewe ilikuwa ya nini. Ilikuwa ya kutoa namba za nasibu kwa mpangilio fulani mgumu kuigiza. Haina mteja. Ni sawa na kushindanisha guta na fuso nani atapita kwenye kichochoro cha Mtaa wa Congo saa sita mchana: guta litashinda, na bado halitakupelekea saruji Tunduma.

Nilimuuliza mfanyabiashara mmoja wa jumla wa vyombo vya plastiki, mtu ninayenunua kwake tangu fremu yake ikiwa nusu ya ilivyo leo, swali moja: ungepewa mashine inayokokotoa lolote, ungeipa kazi gani?

"Kaka, kukokotoa ninajua mwenyewe," akasema, akagonga kikokotoo chake. "Iniambie kontena langu litatoka bandarini lini. Iniambie dola itakuwa shilingi ngapi siku ninayomlipa Mchina. Na yule mteja wangu wa Lubumbashi, iniambie kama analipa au kanikimbia."

Hakuna hata moja kati ya hayo ambalo ni gumu kukokotoa. La kwanza linasubiri karatasi na mtu wa kuigonga muhuri. La pili linasubiri mambo ambayo hayajatokea. La tatu liko moyoni mwa mtu aliye kilomita zaidi ya elfu moja kutoka hapo. Mashine yoyote, ya kwantamu au ya shanga, hula taarifa kabla ya kutoa jibu, na taarifa ndiyo bidhaa adimu kuliko zote sokoni pale.

Wapo watakaosema nimechagua maswali mepesi kwangu, kwa hiyo nichukue lile ambalo wauzaji wa kwantamu wenyewe hulipenda: njia ya gari la mzigo. Kirikuu linalotoka Kariakoo na wateja 10 wa kuwapelekea mali, Mbagala, Tandika, Buguruni na kwingineko, lina mipangilio ya safari 3,628,800 ya kuchagua. Wakiwa wateja 20, namba ina tarakimu 19. Inatisha, na vipeperushi huishia hapo kwa makusudi. Visichosema ni kwamba kompyuta za kawaida hazijaribu mipangilio yote. Zina mbinu za kutupa mibovu kwa mafungu. Mwaka 2006 tatizo la aina hii lenye vituo 85,900 lilitatuliwa na jibu likathibitishwa kuwa bora kabisa, bila kyubiti hata moja. Dereva wa kirikuu hakwamishwi na hisabati. Anakwamishwa na Msimbazi iliyofunga, mteja aliyezima simu, na trafiki.

Hata tukitafuta tatizo la njia ambalo kweli limeshindikana, msaada unaojulikana kwa ujumla ni wa jamaa ya Grover: kipeuo cha pili. Mwaka 2023 Torsten Hoefler, Thomas Häner na Matthias Troyer walipiga hesabu ambayo ningependa kila anayeomba fedha za kwantamu aibandike ukutani. Walichukua mashine ya kwantamu ya siku zijazo, wakaipa ukarimu wote, wakailinganisha na chipu moja ya kawaida inayouzwa leo. Kwa kuwa kila hatua ya kwantamu inalipa gharama ya makarani wote wale wa kusahihisha, inakwenda polepole mno, na faida ya kipeuo cha pili inamezwa yote kabla ya kuonekana. Wakaongeza jambo ambalo kila mwenye daftari la madeni analijua: ili mashine itafute kwenye daftari, sharti kwanza ilisome, na ikishalisoma lote imebaki nini cha kutafuta? Kazi za data nyingi, wakasema, zitolewe kwenye orodha. Uzito wa maneno hayo uko kwa walioyasema: Troyer ni mtu wa Microsoft, kampuni inayojenga mashine hizo yenyewe. Si adui aliyekuja kuvunja duka.

Orodha inapungua pia kwa njia nyingine. Mwaka 2018 Ewin Tang, mwanafunzi wa miaka 18, alipewa kazi ya kuthibitisha kwamba mbinu moja ya kwantamu ya kupendekeza bidhaa kwa wateja haiwezi kufikiwa na kompyuta za kawaida. Badala ya kuthibitisha, akatunga ya kawaida inayoikaribia. Huwa nadhani hili ndilo tunda bora la kwantamu mpaka sasa: limewatia watu wa kompyuta za kawaida aibu ya kufikiri zaidi.

Kinachobaki ni kile alichokitaka Feynman tangu mwanzo, kemia. Hapa siguni. Bakteria walio kwenye mizizi ya kunde huchukua naitrojeni ya hewani na kuifanya chakula cha mmea kwenye joto la kawaida la shamba. Viwanda vya mbolea hufanya hivyo kwa joto kali na mgandamizo mkubwa, vikila nishati isiyo ndogo ya dunia nzima. Kiini cha kimeng'enya cha bakteria hao ni kigumu mno kukokotoa kwa kompyuta zetu. Makadirio ya mwaka 2021 yanasema kyubiti kama milioni nne zingeimaliza hesabu hiyo kwa siku chache. Nchi iliyoona bei ya urea ikipaa mwaka 2022, vita vya Ukraine vilipoanza, mpaka serikali ikarudisha ruzuku, haina sababu ya kuicheka kazi hiyo. Lakini kujua bakteria anafanyaje si kuwa na kiwanda, na kiwanda si mfuko uliofika Songea kabla ya mvua. Kati ya jibu la mashine na shamba kuna miaka ya maabara ambayo hakuna kyubiti itakayoifupisha.

Naijua hoja inayonisubiri hapa, kwamba wanaotilia shaka mashine mpya huumbuka, kwa sababu imewahi kuaibisha watu katika mji huuhuu. Kutoka Kariakoo ukishuka Uhuru, ukapita Mnazi Mmoja na kuingia mjini kuelekea bahari, unafika zilikokuwa ofisi za Hazina. Kompyuta ya kwanza nchini, ICT 1500, iliwekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Nchi ilikuwa na uhuru wa miaka minne, na mashine hiyo ilikuwa fahari. Zikaja nyingine, na hesabu za serikali zikahamishiwa humo. Matokeo yameandikwa na wataalamu wetu wenyewe: mfumo ulivurugika, gharama zikawa kubwa, na waliojua undani wake walikuwa zaidi wageni. Mwaka 1974, kompyuta za nchi nzima zikiwa bado za kuhesabika kwa vidole, serikali ikapiga marufuku kuingiza nyingine, na katika marufuku hiyo ikatia na televisheni. Zanzibar miaka hiyohiyo wakawasha televisheni ya rangi. Bara ikasubiri hadi 1994.

Basi wenye shaka wa 1974 si walikosea? Nusu. Kuhusu bili walikuwa sahihi: mashine ilikuwa imekula kuliko ilivyozalisha. Walikosea chanzo. Waliiadhibu mashine kwa kosa la mkataba, la mafunzo na la haraka, na adhabu ikawaangukia vijana ambao wangeijifunza. Marufuku ililegea miaka ya 1980 kwa vibali, soko likafunguliwa, na kompyuta zikarudi kupitia mlango wa biashara.

Wenye imani ya kwantamu wanaipenda hadithi ya namna hii. Wanasema: ona, nanyi mtaaibika hivyohivyo. Lakini iangalieni vizuri hiyo ICT 1500. Ilikuwa na kazi kabla haijapakiwa melini. Mishahara, hesabu na takwimu zilikuwa zikifanywa na mashine za aina yake katika ofisi nyingi za Ulaya na Marekani, na yeyote angeweza kwenda kuziona. Swali la Hazina lilikuwa kama sisi tunaweza kuitumia. Kwa kwantamu, hadi ninapoandika, hakuna kazi ya kila siku ya biashara, popote duniani, ambayo imethibitika bila ubishi kwamba mashine hiyo inaifanya vizuri zaidi au kwa bei nafuu zaidi. Hakuna pa kwenda kuona.

Mfano unaonisumbua zaidi ni leza. Ilipozaliwa mwaka 1960 ilitaniwa kuwa suluhisho linalotafuta tatizo. Juni 1974, mwaka uleule wa marufuku yetu, ilisoma kwa mara ya kwanza msimbo wa mistari wa bidhaa kwenye kaunta ya duka moja la Ohio, na leo visoma-msimbo vya aina hiyo vinauzwa Kariakoo kama chaja. Kwa hiyo kukosa kazi leo si hukumu ya milele. Ila leza ilisambaa kwenye maabara haraka, kwa bei ya maabara, na watu wengi wakaichezea mpaka wakaipatia kazi. Mashine ya kwantamu inaweza kuchezewa kwa mbali: Mei 2016 IBM iliweka ya kyubiti tano kwenye intaneti, na mwanafunzi wa chuo cha teknolojia cha DIT, pale kona ya Bibi Titi na Morogoro, anaweza kutumia mashine za namna hiyo bila kuvuka barabara, siku ambazo nyaya za baharini ziko salama. Mei 2024 zilikatika, na kwa siku kadhaa Dar ilikuwa ikibembeleza barua pepe.

Hapo tumegusa shaka la tatu, la nani atafaidi, na silipi nafasi kubwa. Teknolojia yenye kazi haibaki kwa tajiri. Kilicholeta kompyuta Kariakoo hakikuwa kasi wala serikali. Ni simu ya kitochi na menyu ya namba, M-Pesa ilipoingia Tanzania mwaka 2008, mwaka mmoja baada ya Kenya. Ilienea kwa sababu fedha ilikuwa ikisafiri kwenye bahasha kwa kondakta wa basi, na kondakta alikuwa akishukia njiani nayo. Kwa upande wake, mashine ya risiti ya EFD, iliyoanza mwaka 2010, imekuwa moja ya sababu za maduka ya Kariakoo kufungwa kwa migomo zaidi ya mara moja. Zote mbili ni kompyuta ndogo zisizo na maajabu. Moja ilikuta kazi ikiisubiri, nyingine ilikuta ugomvi.

Kwa nini basi fedha zinamiminika kwenye kwantamu? Kariakoo ina jibu lenye jina. Winga ni yule kijana anayekudaka barabarani, anakusifia viatu, anakushika mkono hadi dukani, na bei anayokutajia ina chake ndani. Duka si lake, mzigo si wake, na hana uwongo wa moja kwa moja. Anajua tu kwamba kipato chake kinatokana na hatua zako kabla ya kuona bidhaa. Januari 2025 Jensen Huang wa Nvidia alisema kompyuta za kwantamu zenye manufaa ziko mbali kwa kama miaka 20, na hisa za baadhi ya kampuni za kwantamu zikaanguka kwa karibu asilimia 40 siku moja. Miezi michache baadaye akazungumza kwa matumaini zaidi. Mashine zilikuwa zilezile wiki iliyotangulia na wiki iliyofuata. Wanasayansi wenyewe, wengi wao, ni waangalifu kuliko mawinga wao. Mwanafizikia John Preskill, aliyebuni jina la ushindi kama ule wa Sycamore wa mwaka 2019, ndiye pia aliyeonya kwamba mashine za sasa zina kelele mno kubadili dunia peke yake.

Limebaki jambo moja ambalo mguno hauliondoi, nalo ni makufuli. Mbinu ya Shor ndiyo inayoruka mto, na ng'ambo ya mto huo kuna RSA na jamaa zake, yaani makufuli yanayolinda programu za benki, tovuti na masasisho ya simu. Tusitishane: mwizi wa pesa za simu hapa hana haja ya kyubiti. Ana ujumbe wa "Ile hela tuma kwenye namba hii", wenye mafanikio ambayo Google ingeyaonea wivu, na makufuli ya ndani ya laini zetu za simu kwa sehemu kubwa ni ya aina ambayo Shor haigusi. Hatari iko kwa siri za umri mrefu. Anayenasa mawasiliano leo anaweza kuyahifadhi yakiwa yamefungwa, akangoja ufunguo upatikane baada ya miaka 15. Neno la siri unabadilisha. Alama za vidole, zile tulizosajilia laini kati ya 2019 na 2020 na zilizoko NIDA, mamlaka ya vitambulisho, hubadilishi. Vilevile faili la hospitali.

Uzuri ni kwamba dawa haisubiri mashine wala haihitaji mtu kuiamini. Agosti 2024 taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilichapisha viwango vitatu vya makufuli mapya yanayoendeshwa na kompyuta za kawaida. iMessage ya Apple ilianza kuhamia aina hiyo mwaka huohuo, kwa hiyo iPhone ya Mtaa wa Aggrey, ikiwa ni halisi na mwenyewe ameisasisha, huenda imetangulia ofisi nyingi za umma. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamdai anayetunza taarifa za watu azilinde. Haikutaja kwantamu, na haikuwa na haja.

Mfumo wa malipo, wa hospitali au wa ardhi unaonunuliwa mwaka huu utatumika miaka 15 au zaidi. Kwenye zabuni yake panatosha mistari miwili: mmoja unaouliza kama kufuli linaweza kubadilishwa bila kung'oa mlango, na mwingine, ambao hadithi ya Hazina inaudai, unaouliza nani hapa nyumbani atakuwa anajua kulibadilisha.